Tukizima spika na kinanda, nani kati yetu bado anamhisi Mungu?

#1 MuuzajiKibuye (Kisumu)

Bwana asifiwe wote. Nina swali, na nataka majibu ya watu waliopitia, si mistari ya kunakili tu.

Niliokoka nikiwa kidato cha pili. Tangu hapo mimi ni mtu wa kanisa: kwaya, kesha za Ijumaa, mfungo wa Januari, maombi ya alfajiri kabla sijafungua kibanda. Ninamtaka Mungu. Sitaki baraka zake, sitaki gari, mke ninaye. Ninamtaka yeye mwenyewe. Lakini nikiwa peke yangu chumbani nikasema "Baba", maneno yananitoka na sioni anayeyapokea. Kanisani, mpiga kinanda akianza kubonyeza polepole na mchungaji akashusha sauti, machozi yanakuja yenyewe. Nikifika Kondele kupanda boda, yameshakauka.

Sasa nimefikia wazo ambalo litawaudhi wengine. Naona kile ambacho wengi wetu tunakiita uwepo wa Mungu ni spika nzuri na mpiga kinanda anayejua kazi yake. Zimeni stima tuone nani atabaki magotini. Anayeweza kunipinga anipinge. Na kama yuko hapa mtu aliyewahi kumkaribia Mungu kweli kweli, alifanyaje?

#2 Mwombezi_Nax (Nakuru)

Ndugu, tatizo lako ni mwili. Mwili umeshiba, roho ina njaa. Kesha ya siku hizi saa sita usiku watu wanakunywa chai na mandazi, hiyo ni kesha au ni harusi? Panda gari uje Nakuru, tukupeleke mapango ya Menengai. Siku tatu mfungo mkavu kama Esta, hakuna chakula, hakuna maji. Ukitoka hapo unaingia siku 21 za Danieli. Danieli alikaa siku 21 bila kula na malaika akashuka. Hutauliza tena swali hili.

#3 NesiWaZamu

Siku tatu bila maji, kule juu Menengai, jua lote lile? @Mwombezi_Nax, mnawapima presha kabla? Mnawauliza nani ana kisukari, nani ana vidonda vya tumbo, nani ana mimba? Mimi ndiye ninayewapokea wakiletwa wamebebwa. Midomo imepasuka, mkojo umekuwa mweusi, na anayemleta ananiambia nisimtundikie maji kwa sababu "nadhiri haijaisha".

#4 BodaYaKondele

#1, yaani machozi yanakauka ukifika kwetu? Sasa boda tumekosa nini jameni. Mimi abiria wengine wakipanda tu wanaanza kuomba papo hapo, wengine kwa lugha.

#5 MwalimuMstaafu (Vihiga)

Nimecheka, BodaYaKondele. Lakini turudi kwa Danieli, maana kosa hili nalisikia kila Januari. Sura ya 10 mstari wa 3: "Sikula chakula kitamu, wala nyama wala divai haikuingia kinywani mwangu." Hasemi hakula. Alijinyima vitamu kwa majuma matatu. Kwa lugha ya hapa kwetu, alikula sukuma na ugali bila nyama, akaacha na mafuta ya kujipaka. Esta ndiye aliyesema wasile wala wasinywe, na ilikuwa siku tatu, taifa zima likikabili kifo. Haikuwa kwa sababu Esta anajisikia mkavu.

#6 Mwombezi_Nax

Mwalimu, nimekupata kwa Danieli. Lakini Musa? Kutoka 34:28, siku 40, hakula mkate wala hakunywa maji.

#7 NesiWaZamu

Musa alikuwa mbele za Mungu juu ya Sinai. Wewe uko na kijana wa miaka 19 kutoka mtaa wa Free Area hapo Nakuru.

#8 NyarSeme

Mimi nimekulia karibu na Kit Mikayi. Tangu nikiwa mtoto naona watu wakija kuomba pale kwenye mawe, wengi wao wamevaa kanzu nyeupe na kubeba misalaba. Upande huu mtu amelala kifudifudi analia mbele za Mungu, upande ule watalii wanapiga picha, na katikati mama mmoja anauliza nani anataka soda baridi. Wote wamezoeana. Siwadharau, nimeona watu wakitoka pale nyuso zimebadilika.

Lakini kuhusu mapango, someni 1 Wafalme 19 polepole. Eliya alitembea mpaka Horebu, akaingia pangoni, akalala humo. Swali aliloulizwa akiwa pangoni ni hili: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Aliulizwa mara mbili. Upepo ukaja, tetemeko likaja, moto ukaja, na BWANA hakuwamo. Halafu ile sauti ndogo ya utulivu. Na baada ya sauti akaambiwa arudi njia aliyotoka, kuna kazi inamsubiri. Watu wetu wanahubiri pango na kuruka hiyo sehemu ya kurudi.

Ukitaka kuzima spika, MuuzajiKibuye, nenda kwa Waquaker. Wao si wanakaa kimya tu mpaka Roho amguse mtu?

#9 MwalimuMstaafu (Vihiga)

NyarSeme, ya Eliya umeyasema vizuri. Ya Waquaker nikurekebishe, maana mimi ni wao. Misheni ilifika Kaimosi 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Waquaker wengi kuliko nchi yoyote duniani. Lakini waliotuletea Injili walitoka tawi la Marekani lenye nyimbo na mahubiri. Njoo Jumapili yoyote utatukuta na kwaya, mhubiri, matangazo, harambee ya paa na, ndiyo, spika. Kimya kipo, kidogo, kati ya wimbo na wimbo, na kikizidi dakika mbili mzee mmoja anakohoa. Ibada ya kimya kitupu unayoisikia ni ya wale wa Uingereza na sehemu nyingine za Marekani.

Nyumbani mimi hukaa kimya. Mke wangu anajua, ananiwekea chai na kuondoka. Siwezi kukwambia nasikia sauti. Nakaa tu.

#10 MuuzajiKibuye

Asanteni. Mwalimu, hilo la "nakaa tu" ndilo linalonisumbua. Unajuaje kwamba hukai peke yako?

#11 MamaMaseno

Mwanangu, mimi nitauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza. Uko sawa na watu wako?

Nyanya yangu aliokoka wakati wa uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda ukaingia kwetu mwishoni mwa miaka ya 1930. Hawakuwa na kinanda. Walikutana nyumbani kwa mtu, wanasoma Neno, halafu mmoja anasimama na kusema dhambi yake kwa jina: niliiba, nilisema uongo, nimemchukia jirani. Waliita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Na haikuishia kwenye kusema. Ukiwa na jembe la mtu unalirudisha. Nyanya alimrudishia mwalimu wake kitabu alichokiiba akiwa msichana, na mwalimu alikuwa ameshazeeka, hakukumbuka hata kitabu chenyewe. Wakikumbatiana wanaimba Tukutendereza, wimbo wao wa sifa, mpaka mbwa wanabweka.

Kwa nyanya, ukisema Mungu yuko mbali atakuuliza: ni nani huongei naye?

#12 MuuzajiKibuye

Mama, umenigonga. Kuna neno kati yangu na kaka yangu mkubwa. Baba alipofariki, kaka aliuza kipande cha shamba letu la Ugenya bila kuniambia. Nilipata habari kwa jirani, tayari kuna mawe ya nyumba yamemwagwa. Hatujaongea tangu wakati huo. Lakini hapa mimi ndiye niliyedhulumiwa. Niende nimwombe msamaha wa nini?

#13 MamaMaseno

Soma Mathayo 5:23 na 24. Ukileta sadaka madhabahuni na ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda kwanza upatane naye. Halikuulizwa nani mwenye haki.

#14 BodaYaKondele

Hapo mama nakataa. Yaani aliyeibiwa ndiye aende kumwangukia aliyeiba? Huo ndio mchezo ambao wakubwa wa familia wanatuchezea kila siku. Anauza shamba, halafu Jumapili anasimama kutoa ushuhuda, na sisi tunaambiwa tusamehe ili maombi yetu yafike. Kwanza kaka arudishe pesa, kama vile nyanya alivyorudisha kitabu. Uamsho ulisema hivyo, si ndivyo?

#15 MamaMaseno

Ulisema aliyeiba arudishe, ndiyo. Hapo umenibana kidogo. Lakini anayelia humu kwamba Mungu yuko mbali ni huyu, si kaka yake.

#16 MwalimuMstaafu (Vihiga)

Na tusiupake uamsho rangi kupita kiasi. Huku kwetu magharibi watu wa uamsho waligawanyika wenyewe kwa wenyewe juu ya nani ametubu sawasawa. Mwaka 1957 kundi la Johera, watu wa upendo, likatoka kwa Waanglikana na kuwa kanisa lake chini ya Matthew Ajuoga. Watu wa upendo, na bado walishindwa kukaa nyumba moja. Nasema hivi nikiwaheshimu, nina shemeji huko.

MuuzajiKibuye, usiende peke yako kwa kaka. Nenda na mzee.

#17 MkatolikiWaBondeni (Nakuru)

Salamu. Nimesoma yote, na naona kila mtu anachukulia kwamba ukavu ni ugonjwa wa kutibiwa: funga zaidi, tubu zaidi, hama kanisa. Sisi tuna mapokeo mengine juu ya jambo hili.

Mama Teresa wa Calcutta alikufa 1997. Barua zake kwa mapadre waliomwongoza zilipochapishwa 2007, watu walishtuka: kwa miongo mingi hakuhisi uwepo wa Mungu. Giza tupu. Na bado aliamka kila asubuhi, akapiga magoti, akaenda kuwaokota waliokuwa wanakufa barabarani. Huyo utasema hakuwa karibu na Mungu?

Karne ya 16 kule Hispania alikuwako mtawa wa shirika la Wakarmeli anayeitwa Yohane wa Msalaba. Watawa wenzake, si wapagani, walimfunga ndani ya chumba kidogo mjini Toledo mwaka 1577 kwa sababu alitaka wairudie sala kwa dhati. Yeye ndiye aliyefundisha juu ya usiku wa giza wa roho. Anasema mwanzoni Mungu humpa mtu utamu mwingi kwenye sala, halafu huuondoa makusudi, kama mama anavyomwachisha mtoto ziwa. Mtoto analia akidhani amechukiwa, kumbe anafundishwa kula.

Kwa hiyo machozi yako ya kinanda pengine yalikuwa ya kweli kabisa, ndugu. Yalikuwa ya wakati ule.

#18 Mwombezi_Nax

Nionyeshe hiyo kwenye Biblia, si kwa watawa. Yakobo 4:8, "Mkaribieni Mungu, naye atawakaribia ninyi." Ni ahadi. Yeremia 29:13, mtaniona mtakaponitafuta kwa moyo wenu wote. Kama humwoni, moyo haujawa wote. Hakuna mahali Mungu anamficha mtoto wake uso eti anamfundisha.

#19 MkatolikiWaBondeni (Nakuru)

Isaya 45:15, "Hakika wewe u Mungu ujifichaye." Na Zaburi 88 yote. Inaanza na kilio, inaisha gizani, hakuna haleluya mwishoni. Aliyeiandika alikuwa anaomba mchana na usiku, kwa hiyo usiniambie hakuwa na bidii.

#20 Mwombezi_Nax

Hilo ni Agano la Kale. Kabla ya Pentekoste.

#21 MkatolikiWaBondeni (Nakuru)

Na Esta, Danieli na Musa ni wa agano gani, ndugu yangu?

#22 BodaYaKondele

Uuui. Goli.

#23 DadaLanet

Mimi nimekuwa nikisoma kimya, lakini kwa kuwa pango linatajwa na wengi hawajawahi kuingia, acha nieleze.

Tulienda Menengai kikundi cha akina dada wa kanisa. Mnashuka na blanketi, Biblia, mshumaa, na wale wa mfungo laini wana chupa za maji. Dari ya pango imekuwa nyeusi kwa moshi wa mishumaa ya waliotangulia, na chini kuna nta iliyoganda, ukikaa inashika sketi. Usiku mwamba ni baridi mpaka mifupa. Kila kikundi kina kona yake, lakini sauti haina kona. Dada anayenyamaza anasikia kila kitu. Nilisikia mwanamume nisiyemjua akimweleza Mungu deni lake la kodi, jina la mwenye nyumba, miezi anayodaiwa, yote. Halafu akanyamaza muda mrefu sana, akasema tu, "Hata hivyo nakupenda." Hiyo ndiyo sala iliyonigusa safari yote, na haikuwa yangu.

Sikuona malaika. Simu ilizimika chaji usiku wa kwanza, na nadhani nusu ya nilichokipata kilitokana na hapo. Nilikuwa sijawahi kukaa na mawazo yangu hivyo tangu shule. Niliporudi nilitulia kwa wiki kadhaa, kisha maisha yakarudi. Mwombezi_Nax, nakuheshimu, lakini usimwambie mtu hatauliza tena swali. Mimi nilikwenda na bado nauliza.

Na tafadhali, wanaokwenda wasiachane na kikundi. Kule ndani ni pakubwa, watu hupotea.

#24 Msomi_Milimani

Nitasema lisilopendwa. Kijana anakesha Ijumaa, anaamka alfajiri kila siku, anafunga, anasimama soko la Kibuye jua kali kutwa, ana kidonda cha shamba na kaka, na baba amefariki. Je, amewahi kulala? Mtu asiyelala vya kutosha kwa muda mrefu hafurahii chochote: chakula, muziki, mke, sala. Na sonona huanza hivyo hivyo, ladha inaondoka kwenye kila kitu. Anayemtafuta Mungu kwa dhati ataona imeondoka kwenye sala kwanza, kwa sababu ndipo alipokuwa anaangalia.

Sisemi Mungu hayuko. Nasema muone daktari, na ulale.

Hata Eliya wa NyarSeme, kabla ya Horebu, alipoomba afe, hakuhubiriwa. Malaika alimwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale.

#25 Mwombezi_Nax

Daktari hawezi kupima roho.

#26 NesiWaZamu

Na mwombezi hawezi kupima sukari. Tugawane kazi.

#27 MuuzajiKibuye

Msomi, nalala, ingawa si sana. Jirani yangu ni kanisa la mabati lenye spika nne, kwa hivyo hata siku ambayo siko kwenye kesha, niko kwenye kesha.

#28 BodaYaKondele

😂😂 Piga ripoti NEMA, wale wa mazingira, kanuni za kelele ziko tangu 2009.

#29 JaLegio

Nani ataripoti kanisa la jirani akae salama kwenye ploti hiyo? Njooni kwetu Legio Maria, kanisa lililotoka kwa Wakatoliki, tunakesha kwa Kilatini na jirani hajui hata tunalalamika juu ya nani.

Kwa uzito sasa: watu humu wanatucheka kwa kanzu na rozari, lakini sisi hatuna tatizo la MuuzajiKibuye la "peke yangu chumbani". Kwetu sala ina mwili. Unavua viatu, unapiga magoti chini, unavaa rangi uliyoamriwa, unashika msalaba. Siku ambayo moyo umekufa, magoti yanaomba kwa niaba yake. Nyinyi mmeacha kila kitu mkabaki na hisia, halafu hisia ikiondoka mnasema Mungu ameondoka.

#30 MkatolikiWaBondeni (Nakuru)

JaLegio, tuna mengi ya kubishana mimi na wewe, lakini hapo nakubali kabisa. Ndiyo maana Oktoba tunapanda Subukia kwa siku ya maombi ya kitaifa. Hatuendi kwa kuwa tunajisikia. Miguu inakwenda, moyo unafuata ukipenda.

#31 Mwombezi_Nax

Hizo ni desturi tu. Tatizo la msingi ni ubatizo wa Roho Mtakatifu. Hajanena kwa lugha, ndiyo maana ni mkavu. Mambo mengine yote ni kuzungukazunguka.

#32 MwalimuMstaafu (Vihiga)

Kwa heshima, hebu niingize historia kidogo, maana inagusa swali la #1 moja kwa moja.

Mwaka 1927, hapo Kaimosi, kati yetu Waquaker watulivu, watu walijazwa Roho. Walilia, wakaanguka, wakaungama hadharani, wakanena kwa lugha. Hakukuwa na stima. Hakukuwa na kinanda cha betri wala mtu wa kushusha sauti. Kwa hiyo hoja kwamba yote ni spika inakwama hapo. Lakini tazama kilichofuata: wakuu wa misheni na wazee wakaogopa, wale watu wakatengwa, na ndiko yalikotoka makanisa ya Roho ya huku kwetu. Waliomtaka Mungu kwa moto wakatolewa na waliomtaka Mungu kwa utaratibu. Mimi ni mjukuu wa waliobaki, na sijui kama nilibaki upande ulio sawa.

Mwombezi, nao walinena kwa lugha, na bado baadaye waligombana kama sisi.

#33 BodaYaKondele

Si hao ndio watu wa Kivuli, wa kanisa la Israel Nineveh? Wale wa vilemba na bendera wanaofunga barabara Jumapili na ngoma?

#34 MwalimuMstaafu (Vihiga)

Hapana. Zakayo Kivuli alitoka kwa Wapentekoste wa misheni ya Nyang'ori, waliotoka Kanada. Kanisa lake lilianza 1942. Waliotoka kwetu Kaimosi ni wengine. Huku Vihiga kuna makanisa mengi kuliko visima, usione aibu kuchanganya.

#35 MuuzajiKibuye

Mwalimu, basi ngoma ya Nineveh ndiyo spika ya wakati huo. Hoja yangu bado inapumua.

#36 MwalimuMstaafu (Vihiga)

Ya Nineveh, sawa, jadili. Ya 1927 huna pa kuiweka.

#37 NyarSeme

Na tusisahau waliolipa kwa damu. Alfayo Odongo Mango alikuwa shemasi wa Kianglikana, akawa kiongozi wa kundi la Roho kule Musanda. Mwaka 1934 nyumba ilichomwa, akafa yeye na wafuasi wake. Watu wa Roho bado wanamkumbuka.

#38 Msomi_Milimani

Kweli, lakini ugomvi wa ardhi kati ya Wajaluo wa pale na Wawanga ulikuwamo ndani, na Mango alikuwa msemaji wa watu wake juu ya ardhi hiyo. Haikuwa dini peke yake.

#39 BodaYaKondele

Kila kitu hapa nchini, ukichimba, chini kuna shamba. @MuuzajiKibuye unaona?

#40 MuuzajiKibuye

Omera, nimeona.

#41 DadaLanet

Kabla hatujasahau, kuna watu wanaojua kwamba mtu mkavu ni soko. Nabii mmoja, simtaji, aliniambia ukavu wangu ni agano la ukoo na mafuta ya kulivunja yako pale mlangoni kwa msaidizi wake, kwa namba ya kulipia. Nililipa. Yalikuwa mafuta ya kupikia, nayajua kwa harufu, ninakaanga chapati kila siku.

#42 MamaMaseno

Pole mwanangu. Angalau ungeyakaangia.

#43 NesiWaZamu

Na soko hilo ndilo lililotufikisha Shakahola. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kule Kilifi, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Sidhani wengi wao walikuwa wajinga. Ninaamini walikuwa na kiu kama ya huyu ndugu, ndiyo maana uzi huu unanitia wasiwasi. Kiu hii ni nzuri. Anayeuza maji ndiye wa kuchunguzwa.

Kwa wanaofunga hata hivyo, maana najua mtafunga: maji mnywe. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, anayemeza dawa, aongee na kliniki kwanza. Na ukifungua baada ya siku nyingi, usiende moja kwa moja kwa nyama choma. Mwili uliokaa na njaa ukipewa chakula kingi ghafla, chumvi za damu kama fosfeti na potasiamu zinashuka na moyo unaweza kusimama. Uji mwepesi, kidogo kidogo. Aliyefunga siku nyingi sana afungulie hospitalini.

#44 Msimamizi

Naacha uzi uendelee, lakini kuanzia sasa posti yoyote inayomshauri mtu kufunga bila maji nitaifuta. Mwombezi, #2 naiacha kwa sababu imejibiwa. Na tafadhali hakuna kutaja majina ya wachungaji mliogombana nao.

#45 Mwombezi_Nax

Sawa msimamizi. Mimi mwenyewe hunywa maji siku hizi, daktari aliniamuru.

#46 NesiWaZamu

!!!

#47 MwalimuMstaafu (Vihiga)

MuuzajiKibuye, jambo moja la kukuongezea. John Wesley, yule mwanzilishi wa Wamethodisti, alikuwa tayari kasisi wa Anglikana, amefunga, ameomba, amevuka bahari kuhubiri Marekani, na moyoni mkavu. Tarehe 24 Mei 1738, jioni, alikwenda kwenye mkutano London bila hamu, mtu anasoma maneno ya Luther juu ya Warumi, akahisi moyo wake umepata joto la ajabu. Wahubiri huishia hapo. Lakini Januari 1739, miezi michache tu baadaye, aliandika kwenye shajara yake kwamba yeye si Mkristo. Na aliendelea kuhubiri miaka mingine zaidi ya 50.

#48 MuuzajiKibuye

Hiyo sikuwahi kuisikia. Asante mwalimu.

Niseme nilipofika. Nimemwandikia kaka. Sijamwomba msamaha, BodaYaKondele usinirukie. Nimemwambia tu nataka tukutane nyumbani tukiwa na mjomba, tuongee juu ya kile kipande. Amejibu "sawa". Neno moja, hakuna salamu. Usiku niliomba, na kusema ukweli hakuna nilichohisi. Lakini nililala mpaka asubuhi, na spika za jirani zilikuwa zinalia.

Bado sijajibiwa swali langu, jueni hivyo. MamaMaseno anasema ni kaka, MkatolikiWaBondeni anasema ni Mungu mwenyewe, Msomi anasema ni usingizi, Mwombezi anasema ni lugha, JaLegio anasema ni magoti.

#49 Msomi_Milimani

Ulilala. Nimesema nini?

#50 MamaMaseno

Alilala baada ya kumwandikia nani? Nimesema nini?

#51 MkatolikiWaBondeni (Nakuru)

Hakuhisi kitu na bado aliomba. Mimi je, nilisema nini?

#52 Mwombezi_Nax

Wote mnajisifu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi kikundi chetu kinapanda Menengai, mfungo laini, maji yapo, msimamizi asifute. MuuzajiKibuye, nafasi yako iko, nauli ya Kisumu hadi Nakuru ni yako. Mwingine anayetaka aseme mapema.

#53 JaLegio

Mimi nakuja, ila nina vidonda vya tumbo.

#54 NesiWaZamu

Usithubutu.